Maua Puani mwa Watasema

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliokosa uji. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, mvua zilipokuwa bado hazihitaji kubembelezwa, palikuwa na kijiji mlimani, na kijijini humo kijana mmoja jina lake Mwadime. Mwadime alikuwa na mbio. Akitumwa moto kwa jirani, amerudi nao kabla aliyemtuma hajafunga mdomo. Kula mbio, kuoga mbio, hata usingizi aliulala haraka haraka.

Mwadime huyu alimpenda Wakesho, mjukuu wa Mzee Mwakio. Alimpenda mpaka chakula kikamshinda. Akatuma washenga. Washenga wakarudi na jibu la ajabu: aje mwenyewe, asubuhi, amtembeze mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Watasema. Majirani walikuwa wakimsema mzee: mtu mzima gani huyu, mvua ikinyesha tu anazurura porini na mbwa kutazama maua? Basi mzee akampa mbwa jina hilo, na kila jioni akamwita kwa sauti kubwa, wasikie vizuri. Lakini sasa magoti yalimgomea. Porini hafiki tena.

"Nenda mpaka kisimani, urudi," mzee akamwambia Mwadime. "Kisha uniambie umeona nini."

Mwadime akadhani anapimwa mbio. Akashika kamba. Puu, puu, puu! Mwadime mbele, Watasema nyuma, ulimi nje, hem, hem, hem. Uji wa mzee haujapoa, wamerudi.

"Umeona nini?"

"Nimeona njia, babu. Ilikuwa ndefu, nikaifupisha."

Mzee akanywa uji wake wote ndipo akajibu. "Mjukuu wangu si mtu wa makelele. Akiumwa hasemi. Akifurahi hasemi. Mtu wa mbio ataishi naye mpaka azeeke, asimwone hata siku moja. Kesho urudi, uniambie ni ua gani limechanua."

Kesho yake, mambo yale yale. Puu, puu, puu! Hem, hem, hem! Mwadime amefika uani ndipo akakumbuka maua.

"Jekundu, babu," akasema. "Kubwa hivi."

Mzee akamwita mbwa, akamshika taya, akampangusa pua kwa kidole. Kidole kikatoka na unga wa manjano.

"Watasema amechungulia ua la manjano," akasema mzee. "Mmoja wenu ananidanganya, na huyu mbwa hajajifunza uongo."

Mwadime akaondoka amejaa aibu. Akawaza, akawazua, akapata akili ya kijinga. Asubuhi ya tatu akambeba mbwa kifuani, kwenda na kurudi, pua isiguse hata jani.

"Leo hakuna lililochanua, babu."

Mzee akatazama pua. Safi. Akatazama kifua cha Mwadime. Manyoya matupu.

"Mbwa wangu ana miguu yake," akasema. "Kesho ndiyo mwisho. Ukishindwa, usinisumbulie washenga."

Hapo Mwadime aliogopa kweli. Asubuhi akashika kamba, akaenda polepole, macho chini, akiyatafuta maua. Akatafuta kulia, akatafuta kushoto. Badala ya maua akaona mguu. Mguu wa nyuma wa Watasema, haukanyagi. Unagusa, unainuka. Unagusa, unainuka.

Akaketi chini penye umande, akaupakata ule mguu. Mwiba, umezama, pameanza kuvimba. Ulikuwa wa juzi, siku zile za puu, puu, puu.

"Ni mimi na mbio zangu," akamwambia mbwa. "Nawe hukusema."

Wahenga walisema mwiba hutokea ulipoingilia. Akaubembeleza mpaka ukatoka. Na pale alipoketi, macho yake yakiwa sawa na macho ya mbwa, akaliona: ua dogo la buluu, nyuma ya jiwe. Njia hiyo alikuwa ameipita tangu utotoni.

Akambeba Watasema mpaka nyumbani. Mzee alipomwona akasimama, fimbo mkononi.

"Manyoya tena?"

Mwadime hakujitetea. Akafungua kiganja, mwiba huo hapo. Mzee akauangalia mguu wa mbwa. Akaangalia kile kivimbe, akakaa chini taratibu.

"Amekuwa akichechemea tangu juzi, babu," Wakesho akasema mlangoni. "Nilidhani unaona."

Majirani walikuwa wamejaa uani, masikio wazi. Mzee Mwakio akaanza kucheka. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka.

"Kila siku nimemshika pua," akasema. "Mguu sikuuona. Watasema, na leo waseme. Haya kijana, ua je?"

"La buluu, babu. Dogo. Limejificha nyuma ya jiwe kama mtoto aliyemwaga maziwa."

La buluu mzee hakuwahi kuliona maisha yake yote.

Asubuhi iliyofuata akajikongoja, magoti yakilia ko, ko, ko, Mwadime akimshika mkono. Walipofika penye jiwe akainama, akalitazama ua kwa muda mrefu sana, na machozi yakamtoka. Kuinama aliweza. Kuinuka, hapana.

Walirudi jua limepanda. Wakesho akakitazama kifua cha Mwadime. Ndevu nyeupe kila mahali.

"Umembeba," akasema.

"Nimembeba."

Wakesho akacheka, na Mwadime akamwona.

Mpaka leo, kule mlimani, kijana akija kuposa hukabidhiwa mbwa kwanza, na wazee humkumbuka Mzee Mwakio, mjuzi wa maua aliyekubali kuchekwa. Mwenye mbio hufika mapema, lakini mtu wa kwake akiumia njiani, yeye hajui. Hadithi yangu nimeitembeza mpaka kisimani. Naifungua kamba, ikalale.