Kidoti na Dada Wawili wa Vipele

"Watoto, nianze, nisianze?"

"Anza, masikio tumeshayatandika!"

Basi fumbeni macho. Lioneni zizi la miiba, moshi ukipanda taratibu, vibuyu vya maziwa vikinukia. Ah, zamani zile! Zamani sana, ng'ombe na mbuzi walilala pamoja wakipiga soga.

Humo aliishi ndama Kidoti na bibi yake, Mabaka, aliyemlamba kila jioni mpaka alale.

Siku moja Kidoti alicheza na vitoto vya mbuzi, akashikwa na Kindui, ugonjwa mdogo wa vipele. Ngozi ikamwasha. Askari wa damu yake wakakurupuka. Kwanza walibabaika, wakarusha mikuki ovyo. Kisha wakamtazama Kindui vizuri. Mwisho wakamjua: pua yake, miguu yake, hata mwendo wake. Wakamfukuza.

Kidoti akapona, makovu yakabaki.

"Lo, ngozi kama uji unaotokota!" akacheka shangazi yake, Mapembe. "Kalale nje huko, usije ukatuambukiza."

Kidoti akalala nje. Bibi naye akalala kando ya ua, wakapumuliana kupitia miiba.

Masika yaliyofuata akaja Ndui, dada mkubwa wa Kindui, mkali kuliko mdogo wake. Akamwangusha Bibi Mabaka. Na desturi ya zizi ilikuwa hii: mwenye vipele hufungiwa kibandani, asiingie yeyote.

"Na maji je?" akauliza Kidoti.

"Nani atampelekea? Wewe?" akadakia Mapembe.

"Mimi."

Akauma kamba ya kibuyu, akaenda. Ndui alikuwa mlangoni. Akamgusa Kidoti puani, askari wa damu wakaamka. Akamgusa sikioni, wakainua mikuki. Akamgusa mgongoni, wakapiga kelele, "Uso huu! Si ndugu yake Kindui huyu?" Wakamtimua.

"Nani hapo?" Bibi akauliza kwa sauti iliyokauka.

"Ni mimi, uji unaotokota."

Bibi akacheka, akanywa. Kidoti akaja tena kesho, na kesho kutwa, mpaka Bibi akasimama.

Ndipo Ndui akamshika Mapembe, kibanda kikampokea. "Mwanangu," akaita kwa haya, "hata funda moja..."

Kidoti alikuwa ameshaenda kuchota.

Jioni ile alilala ndani ya zizi, Bibi akimlamba kovu moja baada ya jingine.

Mwili uliopigana na adui mdogo hujifunza kumtambua ndugu yake mkubwa. Na tunayemcheka leo huenda ndiye atakayetuletea maji kesho.

Zizi nimelifunga, hadithi imelala. Ila wanangu, kumbukeni jambo moja tu: mkimwona mwenye makovu, kabla hamjacheka, muulizeni alipona vipi.