Mbao za Chumba cha Mama

Ndugu zangu, fungeni vitabu vyenu kidogo, niwape habari ya mtu mmoja aliyeishi katika nyumba ya urithi kule milimani. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya mbao za mninga, kuanzia sebuleni mpaka vyumbani, kazi ya mikono ya marehemu baba yake. Masika moja paa likavuja, mbao sita za sebuleni zikaoza. Na ilikuwa imebaki wiki moja tu wakwe waje kuleta posa ya binti yake.

Akaita fundi. Fundi akapiga magoti, akazigonga mbao, akasema, "Mzee, hizi ni za kung'oa. Ila mninga wa namna hii siku hizi hupati. Nitaweka mbao mpya, ngumu. Rangi itapishana kidogo, lakini utakanyaga bila wasiwasi."

"Kiraka sebuleni? Wakwe wataniona mtu wa namna gani?" Akafikiri. "Chumba cha mama kina mbao hizihizi. Ng'oa sita kule, ulete hapa."

"Na kule niweke nini?"

"Hizo za hapa. Zigeuze upande wenye nafuu, pigilia, tandika mkeka juu. Kule haingii mgeni."

Fundi akasita, kisha akafanya. Fundi naye ana kesi yake, lakini leo tumwache.

Jioni mama yake, bibi kizee ambaye macho yalikwisha kupungua nuru, akamwuliza, "Mwanangu, mbona chini kunalia nikipita?"

"Ni mbao tu, mama. Zitazoea."

Mama akaamini. Asipomwamini mwanawe amwamini nani?

Alhamisi asubuhi akashuka kitandani apige magoti kusali. Ubao ukakatika, mguu ukazama, akaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa kitanda. Hakuamka tena.

Jumamosi wakwe walikuja kama walivyoahidi, ila walikuja msibani. Wakavua viatu mlangoni, wakaketi chini pamoja na waombolezaji wengine. Mmoja wao, mzee wa watu, akapitisha kiganja sakafuni, na kwa kutaka tu kumliwaza mfiwa akamwuliza taratibu, "Mbao nzuri kama hizi mlizipata wapi?"

Mnataka kujua alijibu nini? Mimi sijui. Wewe ungejibu nini?

Maana sisi, ndugu zangu, hatukosi mbao nzuri. Sauti ya upole tunayo, ila tunaing'oa kwa mke na watoto tukaipeleke kazini. Subira tunayo: mgeni akivunja kikombe tunasema si kitu, mtoto wetu akikivunja tunamtukana. Hata hapa kanisani tumekuja tumeng'aa, na nyumbani kuna mtu tuliyemtandikia mkeka juu ya shimo. Inaniuma kusema, kwa sababu na mimi nimo. Afadhali kiraka kikae sebuleni, wageni wakione, wakicheke, waende zao.

Basi leo tukifika nyumbani, tusiketi sebuleni kwanza. Tupite moja kwa moja mpaka chumba cha ndani, tukanyage, tusikilize.