Gari Lililovaa Nailoni

Wapendwa, kabla hatujafika kwenye mnada wetu wa mavuno wa leo, na naona macho ya wengine yameshaanza kutembea kwenye zile ndizi pale mbele, niwape habari ya bwana mmoja na gari lake. Jina simtaji. Ana ndugu wengi, na ndugu hawakosi kanisani.

Bwana huyu aliishi mjini, kule kwenye joto, akafanya kazi ya halali mpaka Mungu akamjalia, akanunua gari. Nikisema gari msifikirie haya yetu ya kusukuma. Lilikuwa jeusi, refu, linang'aa kiasi kwamba ukijitazama mlangoni unajiona umependeza. Halina ufunguo wa kuchokonoa. Unabonyeza tu kitufe, linaamka. Viti vyake vya ngozi, rangi ya maziwa. Na juu ya viti hivyo, nailoni vilivyotoka nayo kiwandani.

Mnaijua hiyo nailoni? Mnacheka. Mnaijua sana! Wengine godoro lenu mpaka leo bado limevaa yake.

Basi bwana yule hakuitoa. Alisema ataitoa akishalizoea gari. Mwaka ukapita, gari likamzoea yeye, yeye hajalizoea. Kiyoyozi hakuwashi, asije akakichosha. Kwa hiyo nailoni inamganda mgongoni, akishuka ofisini shati limelowa kama mtu aliyetoka kulima. Akijigeuza kidogo, inalia kwacha kwacha. Akiona tuta mbele anashika pumzi, maana gari ni la chini, na tumbo lake likikwaruzwa anaona limekwaruzwa la kwake. Watoto wakimwandikia "nioshe" kwa kidole kwenye vumbi la kioo, siku nzima anazunguka gari kukagua kama hawakuchubua rangi. Nauliza, huyu bwana alikuwa na gari, au gari lilikuwa na bwana?

Sasa, mama yake aliishi huku kwetu mlimani. Kila alipokuja kumsalimu, gari aliliacha kule chini kwenye lami, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, kisha akapanda kwa bodaboda. Alisema barabara ni mbaya. Mama akamvumilia. Lakini Jumapili ya mavuno ilipokaribia, akampigia simu.

"Mwanangu, safari hii gari lipande mpaka nyumbani. Nimeshawaambia kina mama wenzangu kwamba mwaka huu mavuno yangu yatafika kanisani na gari la mwanangu. Usiniaibishe."

"Mama, lakini barabara ile..."

"Barabara ni hiyo hiyo uliyopita kwenda shule. Wewe ilikufikisha."

Ungejibu nini hapo? Akaja. Akapanda mlima polepole, shingo nje dirishani, akikwepa mawe kama anayekwepa mayai.

Asubuhi ya Jumapili mama akatoka, kitenge kipya, kilemba kimekaa sawa. Na pale mlangoni ameegemeza mkungu wa ndizi alioukata asubuhi ile ile, mkungu wa kushiba, utomvu bado unadondoka. Ninyi ni watu wa migomba, siwafundishi utomvu. Ukigusa nguo, basi nguo hiyo ni ya shambani tangu siku hiyo. Bwana yule alipouona, roho ilimruka.

"Mama, huu tuuweke kwenye buti. Nimekuja na magunia ya kutandika."

"Ule ni sadaka, mwanangu. Sadaka haisafiri kwenye buti kama tairi la akiba. Uweke mbele, mimi nitakaa nyuma."

Akatandika magunia juu ya nailoni, akauketisha mkungu kiti cha mbele. Halafu, kwa sauti ya chini, akamwomba mama avue viatu, kwa sababu vina udongo. Mama akamtazama kidogo. Akavivua, akavitia kwenye mfuko, akavipakata.

Hawajamaliza hata uzio wa kwao, gari likaanza kupiga kelele, ting, ting, ting. Magari haya yana akili zake. Likihisi uzito kitini, linadhani ni mtu, linamdai afunge mkanda. Bwana akasimama, akaufunga mkungu mkanda kifuani. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na mwanawe naye akacheka. Ilikuwa raha kidogo. Lakini kwenye kona ya kwanza mama akateleza juu ya nailoni kutoka mlango huu mpaka mlango ule, na kicheko kikaisha.

Mbele kidogo wakawakuta kina mama wenzake njiani, vikapu kichwani, mmoja na jogoo kwapani. Ndio hao aliowaambia.

"Fungua kioo niwasalimie."

"Mama, vumbi litaingia."

Wakawapita. Wale kina mama waliangalia vioo vyeusi, wasijue ndani kuna nani, wakasogea pembeni kumpisha mheshimiwa. Mama akawatazama mpaka wakabaki nyuma. Akaushika mfuko wa viatu mapajani. Kisha akauliza.

"Mwanangu, hili gari ni la nani?"

"Langu, mama."

"Mbona umelikalia kama la kuazima? Hii nailoni ni ya nini?"

"Viti visichafuke. Siku nikiliuza, lipate bei nzuri."

"Huyo atakayelinunua unamjua?"

"Simjui."

"Basi wewe ni dereva wake tu. Mwenye gari bado hajaja." Na akaanza kuvaa viatu vyake humo humo ndani. "Nishushe. Nilitaka kufika kanisani na gari la mwanangu. Gari la mtu nisiyemjua silitaki."

Wapendwa, kuna maneno ambayo mzazi akiyasema bila kupandisha sauti, yanakuingia mpaka kwenye mifupa. Bwana yule aliona aibu, aibu ile ya utotoni, ya masikio kuwaka moto. Akakumbuka kwamba siku aliyokabidhiwa gari lile, mtu wa kwanza aliyetamani alione alikuwa mama yake. Na leo ndani ya gari hilo hilo anamwendesha pekupeku, hawezi hata kupunga mkono!

Akafunga breki. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma. Mama akadhani anashushwa kweli, akajiweka sawa. Lakini mwanawe aliinama, akaikamata ile nailoni pembeni yake, akaivuta kwa mikono miwili. Kraaa! Akahamia upande wa pili, kisha viti vya mbele, akaichomoa hata ile ya chini ya magunia. Kraaa! Kina mama wakafika mbio, vikapu vikiyumba, wakidhani kuna ugomvi.

"Pandeni," akawaambia, jasho linamtoka.

"Na vikapu?"

"Na vikapu."

"Na huyu jogoo?"

"Naye ni msharika. Apande!"

Wakapanda mpaka gari likalalamika. Mama akahamia mbele. Mkungu ulipovutwa kwenda nyuma kumpisha, gunia likateleza, na utomvu ukachora mstari mrefu kwenye ile ngozi rangi ya maziwa. Wote wakageuza shingo. Wakamtazama mwenye gari.

Mwenye gari akautazama mstari ule. Akaugusa kwa kidole. Kisha akaangua kicheko. "Haya," akasema, "Mungu ameshaweka sahihi. Twendeni!"

Walifika kanisani vioo vyote viko chini, vigelegele vinatangulia. Tumbo la gari liligonga jiwe njiani na hakuna aliyejali. Mama alipunga mkono kwa kila mtu, na palipokosekana mtu alipungia mbuzi. Mchungaji alidhani ni harusi ambayo hakutangaziwa.

Baadaye, mjini, muosha magari aliliona lile doa, limeshakauka, jeusi. Akamwambia, "Bosi, hili lina dawa yake, linatoka lote." Bwana akajibu, "Liache. Siku hilo lilipoingia ndiyo siku gari lilipokuwa langu."

Sasa mlidhani nawasema wenye magari. Hapana! Nunueni, Mungu awazidishie, na mkinunua mniite niyaombee, ila msinivue viatu. Ninaowasema ni sisi sote tuliokaa humu. Mama, zile sahani za maua kabatini kwako, unamtunzia nani? Mumeo anakula kwenye bakuli la plastiki lililopasuka, wanao wanapokezana kikombe kisicho na mkono, na sahani zinakutazama kupitia kioo tangu siku uliyoolewa. Ni mgeni gani huyo unayemngoja, aliye mkubwa kuliko hao?

Na sahani ni afadhali. Baba unampenda mwanao, nakujua, unampenda sana. Lakini hilo neno umelifunika vizuri lisichakae. Tunalitoa lini? Tunalitoa msibani, mbele ya kipaza sauti, tunalia: "Nilikupenda!" Aliyekuwa na haja nalo hasikii tena. Tumeokolewa, tumesamehewa, tumepewa furaha bure, na tunaikalia kwa ncha ya kiti kama tutanyang'anywa. Zawadi usiyoitumia bado hujaipokea. Ipo nyumbani kwako tu.

Siku tutakayosimama mbele za Bwana, sidhani atainama kukagua viti kama ni safi. Nadhani atatuuliza swali moja: "Ulimpandisha nani?" Mimi na wewe tutajibu nini? Wapendwa, jibu la swali hilo halisubiri mbinguni. Linaanza leo, tukishatoka kwenye mlango ule, kwenye njia ya kurudi nyumbani.