Vikombe vya Bwana Mbarali

Bwana Mbarali, mwenye hoteli kubwa kuliko zote mjini, alimtaka Bi Zaituni, aliyeuza kahawa mlangoni pa hoteli hiyo, aondoke mara moja.

"Unanichafulia sura ya hoteli."

"Haki yako, bwana mkubwa. Lakini jina lako halijatangazwa vya kutosha. Gawa bure vikombe vyenye jina la hoteli, nami sitamuuzia kahawa asiyekuja na kikombe hicho. Mji mzima utakusoma."

Bwana Mbarali, bingwa wa biashara, akamwacha abaki, akagawa vikombe mpaka stoo ikawa tupu. Jina lake likaonekana kila kona, likifuka mvuke. Hotelini wakabaki wahudumu na nzi.

"Mbona hawaingii kwangu?" alifoka.

"Waingie kufuata nini, bwana," alijibu Bi Zaituni akimimina, "na vikombe vimeshajaa?"