Machano Ahamia Jumba la Sultani

Wallahi, wabillahi, watallahi! Haya ni kweli tupu, neno kwa neno, na mwenye kubisha abishe sasa.

Hapo zamani, mjini Kitokota, palikuwa na Sultani Darweshi, ndevu zake ndefu hata akipiga chafya jumba zima hupata upepo. Siku hizo amri zilitangazwa kwa pembe, mtaa kwa mtaa. Basi akaja nahodha wa Kizungu na mtambo wa kupigia chapa, na neno geni: gazeti. Akaeleza kwamba kwao, kale, hilo lilikuwa jina la kisarafu kidogo, mtu akikitoa hupewa karatasi ya habari. Jina likahamia kwenye karatasi, na wafalme wakaifanya karatasi yao. Sultani akalipenda neno hilo kuliko wake zake wote. Akaamuru pembe itupwe, karatasi ibandikwe mlangoni kwake kila Jumatatu.

"Lililomo gazetini," akasema, "mmelijua nyote. Asiyepinga hadi Ijumaa, amekubali."

Nao mji mzima, ukimtoa karani, hakuna aliyejua kusoma.

Ijumaa moja askari wakafika kwa Machano, maskini ambaye hata panya wake walihama kutafuta riziki.

"Tokeni! Hapa ni banda la farasi wa Sultani."

"Tangu lini?" akauliza mkewe, Mwanaate, mimba imemwelemea.

"Limo gazetini."

"Hilo gazeti ni dude gani? Linaliwa?"

Vyungu vikatupwa nje. Mwanaate akalia. "Mume wangu, nikazalie wapi? Njiani?"

"La. Utazalia pazuri."

Jumatatu alfajiri Machano akamwendea karani, akamkuta anatoka jasho, maana Sultani hakutaka kuona nafasi nyeupe kwenye karatasi yake.

"Bwana karani, ninalo tangazo."

"Sema upesi!"

"Mimi Machano nachukua nyumba yenye milango ya shaba, mbele ya kisima, pamoja na vitanda vyake. Mwenye kupinga aseme kabla ya Ijumaa."

Karani akaandika, kwani kazi yake ilikuwa kuandika, si kufikiri. Karatasi ikabandikwa. Kila siku Sultani akapita hapo, akasifu weusi wa wino, akaenda zake.

Ijumaa ilipofika, Sultani yu katika pilau, akaona mwanamke mjamzito anapita na chungu, nyuma yake mume na jamvi na kuku.

"Ewe mpumbavu, waenda wapi?"

"Chumbani kwangu, Seyyid. Maliza kula, sina haraka."

"Kwako?"

"Imo gazetini."

Karani akaitwa, akasoma. Waziri, aliyekuwa akila na Sultani, akameza mfupa.

"Sikusoma mimi!" akanguruma Sultani.

"Wala mimi lako sikulisoma, Seyyid. Lakini nilitoka."

Ikawa Sultani ameshikwa. Akisema gazeti si kitu, amri zake zote zimekufa. Akisema ni kitu, leo analala nje. Akazishika ndevu, kisha akacheka hata pilau ikamwagika.

"Machano, nirudishie nyumba yangu, nikurudishie yako. Na pembe ipigwe tena, kila gazeti lisomwe sokoni."

"Nimekubali, Seyyid."

Hapo Mwanaate akapaza sauti toka ndani: "Mwiteni mkunga! Wala kitanda hiki sishuki!"

Basi Sultani akalala bandani na farasi, hata arubaini ya mzazi ikaisha.

Nanyi mliosikia, nawasihi, msimwambie mtu. Wajukuu wa karani wangalipo, nao ni wakali.