Mfereji Usio na Jina

Sogeeni, nyote mnaopenda kuamua mambo ya wenzenu.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro aliishi Mwalimu Nderingo Kisamo, aliyewasomea watoto wake falsafa kila jioni. Elinami, kifungua mimba, aliwapenda Wagiriki wa kale waliouliza maswali hadi watu wakawachoka. Aisiando aliwapenda wale waliofundisha kutenga yaliyo mikononi mwetu na yasiyokuwamo. Ndekirwa, kitinda mimba, aliwapenda wa karne iliyopita, waliosema mtu ni yale anayoyachagua.

Mwaka mmoja mfereji wa kijiji ukakauka. Migomba ikaanza kunyauka, watu wakanoa mapanga.

"Majirani wa juu wametuibia maji."

"Nani aliwaona?" Elinami akauliza.

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu ndiye nani?"

"Mwalimu, huyu binti yako hachoki?"

Hakuchoka. Aliuliza hadi ikabainika kwamba hakuna aliyepanda kutazama. Walipopanda, wakakuta jabali limeporomoka na kuziba mfereji. Mapanga yakarudi nyumbani makavu.

Wanaume wakalilaani jabali, wakailaani mvua, wakailaani serikali.

"Mkimaliza, jabali litakuwa palepale," Aisiando akasema. "Jembe ndilo letu."

Akaanza kuchimba njia ya kulizunguka. Udongo ulimporomokea, akauzoa, akaanza upya. Kila aliyetaka kuacha alimkuta ameinama, akaona haya, akainama naye.

Njia ikafika kwenye kihamba cha Ndekirwa, shamba la migomba alilorithi kwa babu yake. Hakuwa na jingine.

"Mila hairuhusu tukulazimishe kukitoa," wazee wakamwambia.

"Wala hainilazimishi kukataa. Nikisingizia mila, nitakuwa nimejificha nyuma yake."

Akaikata migomba yake mwenyewe, na maji yakashuka.

Desturi ya pale, mfereji huitwa kwa jina la aliyeuleta. Mtunza mfereji hulitamka jina hilo mara moja tu, akimimina pombe ya ndizi penye mlango wa maji, na halibadilishwi tena. Mtunza mfereji alikuwa Mwalimu Nderingo, ambaye hakuwahi kukosea jina la mwanafunzi hata mmoja.

"Uite Kisamo, jina la ukoo, yaishe," jirani akamnong'oneza.

"Ukoo haukuuliza, haukuchimba, haukukata."

Akasimama na kibuyu mkononi, kifua kimemjaa fahari. Aliwatazama watoto wake watatu, nao wakamtazama.

Kibuyu kimekwisha kuinama. Je, wewe ungetamka jina la nani?