Barua ya Mwalimu kwa Mganga Mkuu

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mtu wa kusahihisha hata matangazo ya kanisani kwa kalamu nyekundu. Homa ya mapafu ikamwangusha. Wiki tatu akalala chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikimpumulia kwa mpira uliopitishwa shingoni. Kusema hakuweza. Akapewa daftari.

Mapafu yalipopata nguvu, nesi akaanza kumwachisha mashine kidogo kidogo, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Kila alipopunguza, mzee aliandika: "Rudisha."

Haukuwa ukaidi mtupu. Aliogopa. Alishaonja kukosa pumzi, na aliyeonja hilo hasahau. Mashine ile aliipenda kuliko ndugu zake. Ndugu walikuja Jumapili wakaondoka, mashine ilibaki.

Asubuhi moja nesi akamwambia, "Mwalimu, leo nakutoa dakika kumi. Nakaa hapa hapa, macho kwako. Ukichoka, inua mkono tu."

Akachomoa mpira wa mashine, akamwachia oksijeni kidogo. Mzee akamtazama kama mwizi wa mitihani, akavuta daftari. "Kwa Mganga Mkuu. YAH: UKATILI WA NESI."

Hasira ikashika kalamu. Ukurasa wa kwanza ukajaa, wa pili ukajaa. Nesi akainama. "Mwalimu, dakika kumi zimetimia. Nikurudishe?"

Mzee, bila kuinua macho, akaandika pembeni: "Subiri. Sijamaliza."

Daktari alipofika alikuta kurasa nne. Akazisoma zote taratibu, kisha akatazama saa ya ukutani.

"Mzee wangu, unasema nesi amekunyima pumzi. Saa nzima hii, barua umeiandika kwa pumzi ya nani?"

Mzee akageukia mashine. Ilikuwa imezimwa. Akaweka kiganja kifuani. Kifua kikapanda, kikashuka. Akashika kalamu, akakata neno UKATILI, akatafuta neno la kuweka mahali pake, akalikosa. Machozi yakamtoka.

Mnacheka? Nani kati yetu hajamwandikia Mungu barua ya namna hiyo? Ameondoa kile tulichokiegemea, nasi tukasema ametutupa. Kumbe yeye hajatoka chumbani. Sisi tunamshitaki kutwa kucha, na kila neno la mashitaka tunalitamka kwa pumzi aliyotupa mwenyewe.

Wewe uliyekuja leo na malalamiko yako moyoni, sikukatazi kuyapeleka kwake. Ila kabla hujaanza, vuta pumzi. Umeivuta? Haya, sasa sema naye.